Jinsi ya kubuku meza mgahawani na ukifika uikute kweli

Kubuku meza inaonekana kitu kidogo, unapiga simu unasema tunakuja watu wanne basi, ila ndo kitu kinachoharibu jioni za watu wengi sana, mnafika mmependeza mnaambiwa jina halipo, au meza ipo lakini ya watu wawili na nyie mko watano, au mnaambiwa subirini pembeni kidogo na hicho kidogo kinakuwa saa zima. Mara nyingi aliyebuku hakujua upande wa pili wanahesabu vipi, kwahiyo naanzia hapo kabla hata ya simu na apu, maana ukishaielewa hesabu yao mengine yote yanakuwa mepesi.

Mgahawa unauza kiti kwa muda. Meza moja jioni moja inaweza kukaliwa mara mbili au hata tatu, na kila kundi limeshapangiwa muda wake kwenye kitabu chao, kwa sehemu nyingi watu wawili wanapangiwa kama saa moja na nusu, wanne kama masaa mawili, kundi kubwa zaidi ya hapo. Kiti kilichokaa wazi jioni hiyo hakiuzwi tena kesho, kama vile kiti cha ndege iliyoshapaa, na hapo ndo utaelewa kwanini wanakuwa wakali kwa watu wanaobuku halafu hawatokei.

Kitu cha pili ni ukubwa wa meza. Meza nyingi ni za wawili na za wanne. Mkiwa watatu mnakalia meza ya wanne, mkiwa watano inabidi waunganishe mbili au wawape ya watu sita, yani kila namba isiyo shufwa inawagharimu kiti. Ndo maana ukiweka watu 2 kwenye apu unaona nafasi za kutosha, ukiweka 5 siku hiyo hiyo unaambiwa hakuna. Kwahiyo kama kuna mtu mmoja kwenye kundi lenu ambaye hana uhakika wa kuja, mbane atoe jibu kabla hujabuku, usiseme tutakuwa wanne au watano tutaona, hiyo "tutaona" kwao ni meza tofauti kabisa.

Cha tatu watu wengi hawakijui, ni jiko. Hata kama meza zote ziko wazi saa moja na nusu usiku, mgahawa unaojielewa hauwezi kupokea watu wote saa moja na nusu, maana oda zote zitaingia jikoni kwa pamoja na kila mtu atachelewa kula. Wanagawa kwa vipande vya dakika 15, kila kipande wageni kadhaa tu. Kwahiyo ukiambiwa saa moja na nusu imejaa haimaanishi usiku wote umejaa, inaweza kumaanisha kipande hicho kimejaa, na saa moja na robo ipo, au saa mbili na dakika arobaini na tano ipo. Swali zuri kuliko yote ukipiga simu ni hili: "una muda gani wa karibu na huo, kabla au baada?" Usiulize mna nafasi saa moja na nusu halafu ukikataliwa ukakata simu, umeacha meza hapo.

Ukiweza kula mapema kabla watu hawajaanza kumiminika, au ukachelewa baada ya kundi la kwanza kuondoka, unapata sehemu ambazo wenzako wanalia kila siku kwamba haziingiliki. Vivyo hivyo katikati ya wiki ni rahisi kuliko Ijumaa na Jumamosi, ila angalia kwanza kama siku hiyo wanafungua, migahawa mingi huwa na siku yao ya kupumzika na mara nyingi ni mwanzoni mwa wiki. Na chakula cha mchana kinasahaulika mno. Sehemu ambayo usiku inajaa wiki tatu mbele, mchana unaweza kupata meza kesho kutwa, jiko lile lile na wapishi wale wale, kwa hiyo kama nia yako ni kuonja chakula chao na sio lazima uwe usiku, mimi ningeenda mchana.

Sasa apu. Kuna zile kubwa za kimataifa, OpenTable ilianza mwaka 1998 kule San Francisco, TheFork ilianzia Ufaransa 2007, Resy ilianza New York 2014, na nyingine nyingi za nchi moja moja. Kitu cha kujua ni kwamba haziongei zenyewe kwa zenyewe, na kwa kawaida mgahawa mmoja unatumia mfumo mmoja tu. Kwahiyo kutafuta mgahawa kwenye apu uliyonayo, usipouona ukasema hawabukishi, ni kosa. Nenda kwenye tovuti ya mgahawa wenyewe au ukurasa wao rasmi, bonyeza kile kitufe chao cha kubuku, kitakupeleka kwenye mfumo wanaoutumia. Hapo pia unaepuka kurasa za watu wa katikati zinazojifanya ni mgahawa.

Na jua kwamba kinachoonekana kwenye apu sio meza zote. Mgahawa unaweza kubakiza nyingine kwa ajili ya simu, kwa wateja wa siku zote, na kwa wanaoingia tu bila kubuku. Apu ikisema imejaa, piga simu. Hili watu wanaona aibu kulifanya, wanadhani watasumbua, hapana, mtu wa mapokezi anaona kitabu kizima na anaweza kusogeza meza mbili zikakaa pamoja, apu nyingi haziwezi kufikiria hivyo.

Kama ni mgahawa unaogombewa sana, kuna mambo mawili ya kujua. La kwanza ni siku na saa wanayoachia meza. Wengi wana dirisha, labda siku 14 mbele, siku 30, siku 60, na kila siku saa fulani tarehe mpya inafunguka, kwa baadhi ni saa sita kamili usiku, kwa wengine asubuhi, na wengine wanaachia mwezi mzima kwa mpigo. Wengi wameandika kwenye tovuti yao, ukikosa uliza kwa simu, hawafichi. Hesabu siku vizuri kwenye kalenda, na kama mgahawa uko nchi nyingine kumbuka saa ni ya kule kwao sio ya kwako, kosa hili linakula watu wengi mno. Kabla ya muda huo uwe umeshafungua akaunti, jina na namba ya simu vimeshajazwa, kadi imeshaingizwa na imeshakubaliwa, maana meza nzuri zinaisha ndani ya dakika chache na wewe huwezi kuwa unatafuta kadi kwenye pochi. Amua mapema saa yako ya kwanza, ya pili na ya tatu, ukiona ya kwanza imeondoka usisimame kufikiria.

La pili ni orodha ya kusubiri, ile kengele ya kujulishwa meza ikipatikana. Jiandikishe hata kama unaona haina maana. Watu wanakanseli kweli, na wanakanseli kwa mpangilio unaotabirika: mgahawa ukisema mwisho wa kukanseli bila kukatwa ni masaa 24 au 48 kabla, basi karibu na mwisho huo ndo meza zinarudi, mtu anakumbuka kwamba hawezi kwenda na hataki kadi yake iguswe. Kwahiyo ingia mwenyewe uangalie siku moja na siku mbili kabla, usitegemee notifikesheni peke yake kwa sababu inaenda kwa watu wengi kwa wakati mmoja na wa kwanza kubonyeza ndo anachukua.

Simu ina adabu zake na ina muda wake. Usipige wakati wa watu kula, mtu wa mapokezi ana wageni watano wamesimama mbele yake na simu yako sikioni, atakujibu haraka na anaweza kuandika vibaya. Piga katikati ya mchana na jioni, baada ya watu wa mchana kuondoka na kabla ya wa usiku kuanza, au asubuhi kabla hawajafungua. Msalimie, sema kila kitu kwa mpangilio, tarehe na jina la siku pamoja, yani "Ijumaa tarehe 14" sio "Ijumaa ijayo", maana Ijumaa ijayo kila mtu ana yake. Saa nayo iseme vizuri: sisi tunasema saa moja usiku na mfumo wao unaandika 19:00 au 7:00 PM, kwahiyo kama kuna mashaka yoyote mtajie zote mbili, nimeona watu wakiandikiwa saa saba mchana kwa sababu tu mmoja alikuwa anahesabu kwa Kiswahili na mwingine kwa Kiingereza. Inaweza kwenda hivi:

"Habari za mchana dada, naomba kubuku meza. Ni Ijumaa tarehe 14, saa moja usiku, yani 19:00. Tuko wanne, watu wazima watatu na mtoto mmoja, tutahitaji kiti cha mtoto. Kuna mmoja wetu ana aleji ya karanga, jiko linaweza kumhudumia? Jina ni hili, namba yangu ni hii. Naomba unisomee ulivyoandika."

Hiyo sentensi ya mwisho ndo ya maana kuliko zote. Akikusomea utasikia kama jina limekosewa, namba ya simu imepungua tarakimu, au kaandika watatu. Halafu muulize jina lake, na muulize meza mnapewa mpaka saa ngapi. Watu wengi hawaulizi hilo la mwisho, wanakuja kushangaa mhudumu anasimama pembeni na bili saa tatu kasoro wakati wao ndo wameanza kupiga stori. Ukijua mapema kwamba mna masaa mawili, mnaagiza mapema, na kama mnataka kukaa zaidi unaomba saa ya mwisho mwisho ambapo hakuna anayekuja nyuma yenu.

Sehemu nyingi sasa zinapokea kwa WhatsApp au kwa meseji za Instagram, ni rahisi na inabaki maandishi, ila meseji uliyotuma sio bukingi. Tiki mbili za bluu sio bukingi. Bukingi ni pale mtu amejibu akarudia tarehe, saa na idadi, akasema ndio. Usipojibiwa mpaka siku inakaribia, piga.

Kwenye ule mstari wa maelezo ya ziada usiache wazi na usiandike riwaya. Andika vitu vinavyobadilisha meza au jiko: aleji, kiti cha magurudumu, mzee asiyeweza kupanda ngazi, kigari cha mtoto, mtu asiyekula nyama, kuomba ndani au nje. Aleji iseme wakati wa kubuku na uirudie kwa mhudumu mkishakaa, zote mbili, maana aliyepokea simu sio anayebeba sahani na hii inaweza kuwa hatari ya maisha. Kama ni besdei au maadhimisho yenu ya ndoa sema pia, ila kama mnakuja na keki yenu uliza kwanza, kuna sehemu hawaruhusu na kuna sehemu wanatoza. Meza ya dirishani ni ombi tu, hata wakiandika hawajaahidi, kama ndo kitu kinachokuleta pale basi uliza waziwazi kama wanaweza kuihakikisha.

Hela sasa. Sehemu nyingine wanaomba kadi, na hapo kuna aina tatu ambazo watu wanazichanganya. Kuna kadi ya kuhifadhiwa tu, hawakati chochote ila usipotokea wanakata kiasi fulani kwa kila mtu. Kuna advansi, unalipa sehemu na inatolewa kwenye bili. Na kuna kulipa yote kabla, kama tiketi, na hii ilipata umaarufu Chicago ambapo mgahawa wa Next ulianza 2011 kwa kuuza tiketi badala ya kubukisha, mmoja wa wamiliki wake Nick Kokonas baadaye akaanzisha Tock, mfumo ambao migahawa mingine iliutumia kuuza hivyo hivyo. Soma ni ipi kati ya hizo tatu kabla hujabonyeza kukubali, na soma mwisho wa kukanseli ni lini, masaa mangapi kabla, na je ukipunguza idadi nayo inahesabika. Maana mkibuku sita mkaja wanne sehemu nyingine wanakata kwa hao wawili. Kwa tiketi mara nyingi hela hairudi kabisa ila unaweza kumpa mtu mwingine akaenda kwa nafasi yako, uliza hilo. Na kama unatumia kadi ya benki ya kawaida, kiasi wanachoshikilia kinaweza kufungiwa kwenye akaunti yako siku kadhaa, usishangae salio limepungua.

Makundi makubwa, kuanzia sita au nane kutegemea na sehemu, mara nyingi hayabukiwi kwa apu, na usijaribu kudanganya mfumo kwa kubuku meza mbili za wanne ukitegemea watawaunganisha, wanaweza kuwaweka kona mbili tofauti. Piga simu, mapema, wiki kadhaa kama ni wikiendi au siku kama tarehe 14 Februari. Uliza kama kundi linalazimika kuchukua menyu maalum, kama kuna kiwango cha chini cha matumizi, kama wanaongeza asilimia ya huduma kwenye bili, na kama bili inaweza kugawanywa. Hili la bili liulize kabla, sio mmeshakula watu kumi na mbili kila mtu na kadi yake na mhudumu anasema mashine haigawi. Mteue mtu mmoja wa kuongea na mgahawa, mmoja tu, watatu wakianza kupiga kila mtu na idadi yake kitabu kinavurugika.

Ukishabuku hakikisha umepata uthibitisho, angalia na kwenye spamu, na ukague vitu vinne: tarehe, saa, idadi na tawi. Tawi ni muhimu jamani, mgahawa wenye matawi matatu jina ni moja na picha zinafanana, na wanaosimama mlangoni wakisema tumebuku mara nyingi kweli wamebuku, ila tawi lingine. Piga skrinshoti, tuma kwa kundi lote pamoja na lokesheni. Siku moja kabla wengi watakutumia meseji au watapiga kuhakikisha, jibu, pokea hata namba usiyoijua siku hiyo, kwa sababu kuna sehemu ukikaa kimya wanachukulia huji na wanaitoa meza. Wasipokutafuta, watafute wewe.

Siku yenyewe fika dakika tano au kumi kabla. Sehemu nyingi wanasubiri kama dakika 15, zikipita wana haki ya kumpa mwingine. Ukiona foleni ya magari inakushinda piga wakati bado, sema tumebaki dakika ishirini, ukipiga mapema kuna uwezekano mkubwa wakakusogeza, ukinyamaza ukatokea nusu saa baadae huna pa kusimamia. Na waambie wenzako kwamba kuna migahawa haikalishi kundi mpaka wote wamefika, au angalau wengi wao, kwahiyo yule rafiki yenu wa kuchelewa kila siku mpe saa ya mapema kidogo.

Mkifika jina halipo, usianze na sauti ya juu. Toa skrinshoti, toa namba ya bukingi, omba waangalie kwa namba ya simu, kwa jina la pili, na tarehe jirani. Kama kosa ni lao meneja atatafuta namna, na mtu mtulivu mwenye ushahidi mkononi anatafutiwa haraka kuliko anayefoka.

Kukanseli nako ni sehemu ya kubuku. Ukijua huendi, kanseli dakika hiyo hiyo, hata kama imebaki masaa mawili na kadi itakatwa, kuna mtu kwenye orodha anaisubiri hiyo meza na kuna mpishi amenunua samaki kwa hesabu yako. Na tafadhali acheni ile tabia ya kubuku sehemu tatu usiku mmoja halafu mnaamua mkiwa njiani. Mgahawa mdogo wenye meza kumi, mbili zisipotokea wamepoteza sehemu kubwa ya usiku wao na mishahara ni ile ile. Mifumo nayo inaweka kumbukumbu, OpenTable kwa mfano inaifunga akaunti ya mtu asiyetokea mara nne ndani ya miezi 12.

Usinunue bukingi kwa mtu baki mtandaoni. Kuna watu wanatumia roboti kuzoa meza za migahawa maarufu na kuziuza, imefika mahali jimbo la New York likapitisha sheria, ilisainiwa Desemba 2024, inayozuia tovuti kuuza au kutangaza bukingi za mgahawa bila makubaliano na mgahawa wenyewe. Ukinunua hivyo meza iko kwa jina la mtu mwingine, mgahawa ukigundua unaweza kuifuta na hela yako huna wa kumdai.

Ukikosa kabisa bado kuna mlango. Nenda bila kubuku, mkiwa wawili, ufike dakika wanapofungua au saa moja kabla ya jiko kufunga, ulizia viti vya kaunta ambavyo sehemu nyingi hawavibukishi kabisa, acha namba yako mapokezi na ukae karibu, usiende mbali, maana wakikupigia wanakupa dakika chache tu.

Na ukipapenda, kabla hujatoka, buku ya safari ijayo pale pale kaunta. Mwambie anayeshika kitabu tarehe unayoitaka, mtaje mhudumu aliyewahudumia vizuri, ataandika kwenye kumbukumbu yako kwamba mlikuja, mlikaa wapi, nani ana aleji, na ukipiga simu mara nyingine namba yako ikitokea kwenye skrini wanakuwa wanaongea na mtu wanayemjua.